Kucheza kwa Mguu wa Nyuma Katika Kriketi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanamchukulia msomaji kuwa mpigaji wa mkono wa kulia, yaani mguu wake wa nyuma ni wa kulia, na upande wake wa ofu ni ule ulio mkono wake wa kulia anapomtazama mrushaji, na upande wa legi ni ule wa kushoto. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze pande hizo. Mbinu yenyewe ni ile ile.

Kucheza kwa mguu wa nyuma ni nini hasa?

Ni kuupokea mpira uzito wa mwili ukiwa umehamia kwenye mguu wa nyuma, baada ya mguu huo kurudi ndani ya krizi, yaani eneo la mpigaji lililochorwa mistari, kuelekea vijiti vya wiketi. Mstari wa mbele wa krizi umechorwa futi 4 mbele ya vijiti, sawa na mita 1.22, na nafasi hiyo yote ni mali ya mpigaji. Wengi wanaoanza huisahau. Husimama juu ya mstari kana kwamba nyuma yao kuna ukuta, kisha hushangaa kwa nini kila mpira unaopanda unawafikia kifuani kabla hawajainua gongo.

Kwa nini nirudi nyuma badala ya kuufuata mpira mbele?

Kwa sababu ya muda. Mpira wa kilomita 140 kwa saa hutoka mkononi mwa mrushaji kwa mwendo wa karibu mita 39 kwa sekunde, na kutoka mstari wake hadi mstari wako ni mita 17.68 tu. Hata ukihesabu kasi inayopotea hewani na pale mpira unapodunda, una kama nusu sekunde ya kuona, kuamua na kupiga. Mahali pa kuukuta mpira kwa hatua ndefu ya mbele na mahali pa kuukuta ukiwa umerudi ndani kabisa panaweza kutofautiana kwa takriban mita 2, na kwa kasi hiyo tofauti hiyo ni kama sehemu 5 za mia za sekunde. Kwa masikio ya kawaida huo si muda wowote, lakini ni sehemu ya kumi ya muda wote ulio nao. Kwa mrushaji wa spini, yaani anayeuzungusha mpira ili upinde unapodunda, na ambaye mpira wake huenda polepole zaidi, hatua ile ile hununua muda mrefu zaidi.

Faida ya pili ni pembe. Mpira uliodundia mbali na wewe na kupanda hadi kiunoni hauwezi kupigwa vizuri kwa hatua ya mbele, kwa kuwa mikono inabanwa na gongo linalazimika kuelekea juu, na hapo ndipo wadakaji wanaposubiri. Ukirudi nyuma, mpira ule ule unakupa nafasi ya kuupeleka pande zote mbili za uwanja.

Hasara ipo pia, na haifai kufichwa: mpira ulioachwa usafiri mbali zaidi baada ya kudunda umepata pia umbali wa kupinda. Kwa hiyo kurudi nyuma kunakufaa kwa mpira mfupi, yaani uliodundia mbali nawe, na kunaweza kukuangamiza kwa mpira uliodundia karibu nawe.

Nitajuaje kwamba mpira huu ni wa kurudia nyuma?

Hili ndilo swali lenyewe, na majibu mengine yote yanalitegemea. Mtu anaweza kuwa na pigo zuri la kukata na pigo zuri la kuvuta, lakini akikosea kusoma mahali mpira utakapodundia, mapigo hayo hayatamsaidia kitu.

Kwa mrushaji wa kasi kwenye pichi ya kawaida, mpira unaodundia kati ya mita 6 na 8 hivi kutoka kwenye vijiti ndio unaomtia mpigaji mashaka; ukidundia mbali zaidi ya hapo, huo ni mfupi, na mguu wa nyuma una haki nao. Kwa mrushaji wa spini mpaka huo unasogea karibu zaidi na mpigaji, kwa kuwa mpira wake hauna kasi ya kupanda. Bila shaka hakuna anayepima mita mpira ukiwa hewani. Kinachosomwa ni njia ya mpira katika robo ya kwanza ya safari yake. Mpira mfupi hutoka mkononi ukielekea chini mara moja, kwa sababu mrushaji ameuachia kwa kuchelewa kidogo, mkono ukiwa tayari unashuka. Mpira utakaodundia karibu na miguu yako huachiwa mapema kidogo, na jicho huuona ukikaa juu au hata kupanda kabla ya kushuka.

Kwa hiyo macho yako yawe mkononi mwa mrushaji tangu anapoanza kuruka kwa hatua ya mwisho. Wapigaji wengi husema wanautazama mpira, kumbe wanautazama kuanzia katikati ya pichi. Mtu wa namna hiyo huwa amekwisha kupoteza nusu ya habari aliyopewa bure.

Jambo lingine ni pichi yenyewe. Uwanja wa WACA ulioko Perth, Australia, ulijipatia sifa ya kuwa na mdundo mkali na wa juu, na wapigaji waliokulia huko walijifunza kurudi nyuma kwa mipira ambayo kwingine ingechezwa mbele. Kwenye pichi kavu na za mdundo wa chini, ambazo ni za kawaida katika sehemu kubwa ya Asia ya Kusini, mpira wa urefu ule ule huweza kuteleza na kukugonga chini ya goti. Kwa sababu hiyo, ova chache za kwanza za mchezo (kila ova ni mipira sita) zitumie kuuliza swali moja tu: mpira unapanda kiasi gani hapa leo?

Mguu wa nyuma unapaswa kukanyaga wapi, na vidole vielekee upande gani?

Urudi nyuma na wakati huo huo uvuke kidogo kuelekea kijiti cha ofu. Mguu unaorudi nyuma moja kwa moja humwacha mpigaji pembeni mwa njia ya mpira, akilazimika kuufuata kwa mikono. Ukivuka kiasi, kichwa kinakaa juu ya njia hiyo, na mikono inafanya kazi karibu na mwili.

Vidole vya mguu huo vielekee ubavuni mwa uwanja, yaani unyayo ulale sambamba na mstari wa krizi. Hili ni jambo dogo linaloharibu mengi. Vidole vikigeuka kumtazama mrushaji, nyonga hufuata, kifua hufunguka, bega la kushoto huondoka kwenye njia ya mpira, na gongo lililokuwa linashuka wima huanza kukata njia ya mpira kwa mshazari. Mkufunzi mzuri akiona mpigaji anagusisha mpira kwenye ukingo wa gongo mara kwa mara, huangalia kwanza unyayo wa nyuma, mikono baadaye.

Mguu wa mbele haubaki pale ulipokuwa. Huburutwa kurudi nyuma kwa wepesi, ukisimama kwa ncha ya vidole karibu na wa nyuma, ili uzito usigawanyike. Baada ya hapo mpigaji husimama mrefu. Anayerudi nyuma huku amepiga magoti sana anaupoteza urefu ambao ndio silaha yake dhidi ya mpira unaopanda.

Utazame mpira mmoja kwa karibu. Mrushaji ameuachia kwa kuchelewa, na mpira unashuka kuelekea katikati ya pichi. Gongo lako tayari limeinuka nyuma, uso wake ukielekea upande wa slipu, yaani wadakaji walio nyuma ya vijiti upande wa ofu. Mguu wa kulia unaondoka ardhini, unarudi kwa urefu wa unyayo mmoja na nusu, unatua mbele ya kijiti cha kati au cha ofu kabla mpira haujadunda. Unapodunda, kichwa kimekwisha kutulia. Kiwiko cha kushoto kinapanda na kuelekea kwa mrushaji. Mkono wa juu umeshika gongo imara huku wa chini ukilishika kwa kidole gumba na vidole viwili tu. Mpira unakutana na gongo chini kabisa ya macho yako, usawa wa mfuko wa suruali, unapoteza nguvu, unaanguka miguuni. Hakuna mkimbio uliopatikana, na bado hilo ni pigo ambalo wakufunzi hulipenda kuliko mengi yanayofika mpakani.

Je, nianze kusogea kabla mpira haujarushwa?

Wapigaji wengi wa kiwango cha juu huwa na mwendo mdogo wa awali. Steve Smith wa Australia hurudi nyuma na kuvuka sana kabla ya mpira kuachiwa, kiasi kwamba anayefundisha watoto hutamani kufumba macho, lakini anatulia kabla ya mpira kutoka mkononi, na kutulia huko ndiko kunakoufanya mwendo wake ufanye kazi. Kichwa kinachotembea wakati mpira unaachiwa hakiwezi kusoma urefu wake. Anayejifunza akae bila mwendo wowote wa awali kwanza, na kama baadaye ataona anachelewa mbele ya warushaji wa kasi, aongeze hatua fupi ya nyuma na kuvuka, aimalize mapema, asiigeuze kuwa uamuzi wa kucheza nyuma kila mpira. Mwendo wa awali unakuandaa tu, na bado unapaswa kukuacha huru kwenda mbele.

Nawezaje kujilinda dhidi ya mpira unaopanda kuelekea mbavuni?

Misingi ni ile iliyoelezwa hapo juu, na kuna mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni kwamba mikono isiufuate mpira. Ukishasimama mrefu na gongo likiwa wima mbele ya mwili, acha mpira uje. Anayesukuma gongo mbele hupeleka mpira kwa mdakaji aliyesimama karibu upande wa legi. La pili ni kulegeza mkono wa chini. Ukiubana, gongo hugeuka ukuta, na mpira hurudi kwa kasi mbele na juu.

Kama mpira unapanda juu ya kimo ambacho gongo wima linaweza kufikia kwa starehe, usilazimishe ulinzi. Uache upite kwa kuinama au kwa kuegemea pembeni, mikono ikishushwa chini na macho yakiendelea kuutazama. Kuuacha mpira ni uamuzi kamili wa mpigaji, na katika mechi za siku nyingi huchosha warushaji.

Ni pigo gani la kushambulia nijifunze kwanza?

Maoni ya wakufunzi hutofautiana hapa. Wapo wanaoanza na pigo la kuvuta kwa sababu watoto hulifurahia na hulifanya karibu kwa asili. Kwa maoni yangu, mtu mzima anayejifunza aanze na draivu ya mguu wa nyuma, yaani pigo la kuusukuma mpira mbele kwa gongo lililo wima, kwa kuwa ni ulinzi ule ule uliorefushwa kidogo: mguu ni ule ule, kiwiko ni kile kile, ila gongo linaendelea mbele baada ya kugusa mpira na kusimama likiwa limenyooka, bila kuzungushwa hadi begani. Mpira unaofaa ni ule unaofika kimo cha kiuno, juu ya kijiti cha ofu au nje yake kidogo, na unaelekezwa kati ya mbele na ubavu wa upande wa ofu. Sachin Tendulkar wa India alilifanya pigo hili lionekane jepesi kupita kiasi, akisimama kwa ncha za vidole na kuusukuma mpira tu. Atakayejaribu kulipiga kwa nguvu ya mkono wa chini atagundua haraka kwamba mpira unapaa.

Pigo la kukata linapigwa vipi, na ni wakati gani nisilipige?

Linahitaji mpira mfupi wenye nafasi, yaani uliopita nje ya kijiti cha ofu kwa umbali wa kutosha mikono yako inyooke. Mguu wa nyuma huvuka hadi mbele ya kijiti cha ofu au kupita hapo, vidole vikielekea ubavuni; bega la kushoto hugeuka; gongo hushuka kutoka juu kwenda chini likiwa limelala; mpira hupigwa unapofika usawa wa mwili, na vifundo vya mikono huzunguka ili ubaki ardhini. Robin Smith wa Uingereza alijulikana kwa kulipiga kwa nguvu ambayo wadakaji wa ubavuni hawakuipenda.

Usilikate pale mpira ulipo karibu na mwili. Mikono iliyokunjwa haiwezi kulishusha gongo sawasawa, na matokeo yake ni ukingo wa ndani kuupeleka mpira kwenye vijiti vyako mwenyewe. Usilikate pia dhidi ya spini inayoingia kwako, isipokuwa mpira uwe mfupi mno na mpana mno, kwa sababu nafasi uliyoiona mpira ulipodunda itakuwa imepungua utakapoufikia. Na kwenye pichi ya mdundo wa chini, subiri hadi uwe umehakikisha mpira unapanda. Mipira mingi ya kukatwa huko huishia chini ya gongo.

Kuna tofauti gani kati ya pigo la kuvuta na pigo la huki?

Kimo cha mpira na mahali unapokwenda. Pigo la kuvuta ni la mpira mfupi unaofika kati ya kiuno na kifua, kwenye njia ya vijiti au upande wa legi. Hapa, tofauti na ulinzi, kifua hufunguka kwa makusudi: mguu wa nyuma hurudi na vidole vyake huelekea mbele kiasi, mguu wa mbele hufungua njia kuelekea legi, na mpigaji huukuta mpira mbele ya mwili kwa mikono iliyonyooka, gongo likitoka juu kwenda chini na vifundo vikizungushwa mara tu mpira unapoguswa. Ricky Ponting wa Australia alilipiga hata kwa mipira ambayo wengine waliiona ya ulinzi, kwa kuwa aliusoma urefu mapema kuliko wao.

Huki ni ya mpira uliofika begani au kichwani. Kwa kuwa upo juu kuliko mikono, ni vigumu kuushusha, na ndiyo maana wadakaji wawili huwekwa mbali nyuma ya upande wa legi kuusubiri. Anayeipiga aingie ndani ya njia ya mpira, yaani kichwa chake kiwe upande wa ofu wa mpira, ili akiukosa umpitie juu ya bega la kushoto badala ya kumgonga usoni. Viv Richards wa West Indies alipiga huki bila kuvaa helmeti maisha yake yote ya kriketi, jambo la kustaajabiwa tu na kamwe si la kuigwa. Steve Waugh wa Australia, kwa upande wake, aliamua kuliacha pigo hilo, akawa anainama au kuegemea pembeni, na bado alimaliza na mikimbio 10,927 katika mechi za Test, zile za kimataifa za siku nyingi. Hakuna sheria inayokutaka uwe na huki.

Naogopa kugongwa. Je, hofu hiyo huisha?

Hupungua, haiishi kabisa, na pengine ni vizuri isiishe. Mpira wa kriketi una uzito wa kati ya gramu 155.9 na 163, na ni mgumu. Tarehe 25 Novemba 2014, Phillip Hughes wa Australia aligongwa shingoni na mpira mfupi aliojaribu kuupiga upande wa legi katika uwanja wa Sydney, akafariki siku mbili baadaye. Tangu hapo vikinga shingo vinavyobandikwa nyuma ya helmeti vimeenea, na mwaka 2019 Baraza la Kimataifa la Kriketi liliruhusu mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo abadilishwe katikati ya mechi. Vaa helmeti inayokutosha na inayotimiza kiwango cha BS 7928:2013, ambacho hupima pia kama mpira unaweza kupenya kati ya kofia na nyavu za uso. Helmeti iliyokwisha kugongwa kwa nguvu ibadilishwe hata kama haina ufa unaoonekana. Na mtu aliyegongwa kichwani asiendelee kupiga ili kuonyesha ujasiri. Atoke, apimwe na mtaalamu wa afya.

Kuhusu mbinu, hofu huonekana kwanza miguuni. Mguu wa nyuma, badala ya kuvuka kuelekea ofu, hukimbilia legi, na mpigaji hubaki ameacha vijiti vyake wazi huku kichwa kikigeuka pembeni. Hapo ndipo watu wengi hugongwa kweli, kwa sababu wameacha kuutazama mpira. Dawa yake ni mipira ya tenisi kutoka umbali mfupi, irushwe kifuani na begani mara nyingi hadi macho yazoee kubaki wazi. Ukishaona kwamba unaweza kuusindikiza mpira kwa macho hadi unapita sikio lako, mguu nao huacha kukimbia.

Dhidi ya warushaji wa spini, kurudi nyuma si hatari?

Ni hatari kama kumechelewa au hakukufika. Faida yake ni kubwa: ukirudi ndani kabisa unauona mpira umepinda kiasi gani, ndipo unaamua. Mpira mfupi wa spini ni zawadi, na mpigaji anayeuchezea mbele anairudisha zawadi hiyo kwa mwenyewe.

Hatari iko kwenye mpira unaoteleza. Baadhi ya warushaji wana mpira unaotoka kwa kasi kidogo zaidi, ukiwa chini na umenyooka, na mpigaji aliyezoea kurudi nyuma kwa mpira ulioonekana mfupi hujikuta pedi yake, yaani kinga ya mguu, iko mbele ya vijiti. Kwa hiyo kwa spini kuna kanuni moja kali: ama uende mbele hadi mahali mpira unapodundia, ama urudi nyuma kabisa. Katikati hapana mtu. Nusu hatua inakunyima muda na inakunyima pia uwezo wa kuua mpindo wa mpira.

Je, nikirudi nyuma natolewa kwa urahisi zaidi kwa kosa la mguu mbele ya wiketi?

Ndiyo, kwa kiasi. Mwamuzi anapaswa kuamua kama mpira ungepiga vijiti, na mguu ulio sentimita chache mbele ya vijiti humpunguzia mashaka yanayokuwapo mpigaji anapokuwa amenyoosha hatua ndefu mbele. Hata hivyo sheria inakulinda katika mambo mawili. Mpira uliodundia nje ya kijiti cha legi hauwezi kukutoa kwa njia hiyo, na mpira uliokugonga nje ya njia ya kijiti cha ofu hauwezi kukutoa iwapo ulijaribu kweli kuupiga. Kwa hiyo tumia gongo, usitegemee pedi. Mpigaji anayevuka sana kuelekea ofu ajue pia kwamba mpira unaoingia ukielekea kijiti cha legi utamkuta mguu wake ukiwa mahali pabaya, na ajifunze kuuelekeza upande wa legi kwa gongo lililonyooka kuliko kulizungusha gongo kuvuka njia yake.

Kuna pia kutolewa kwa kugonga vijiti vyako kwa mguu au gongo. Hutokea mara chache, na karibu kila mara mhusika alianza akiwa amesimama ndani mno. Ukitaka kutumia kina cha krizi, usianze ukiwa umekwisha kukimaliza.

Nifanye mazoezi gani, hasa nikiwa peke yangu?

Peke yako, fanya mwendo bila mpira mbele ya kioo: rudi, vuka, tulia, kisha tazama unyayo. Kama vidole vinaelekea kioo kana kwamba ndicho mrushaji, rudia. Dakika chache kila siku zinafaa kuliko saa nzima mara moja kwa wiki, kwa kuwa kinachofundishwa ni mguu, na mguu hujifunza kwa kurudia. Ukiwa na ukuta, rusha mpira wa tenisi ukutani na uucheze unaporudi. Don Bradman, aliyemaliza mechi zake 52 za Test na wastani wa 99.94, alipokuwa mtoto huko Bowral, Australia, alitumia kijiti cha wiketi kupiga mpira wa gofu dhidi ya msingi wa matofali wa tangi la maji, na mpira ulimrudia kwa pembe asizoweza kuzitabiri. Watu huikumbuka hadithi hiyo kama ya vipaji. Mimi huiona kuwa ya macho na miguu, kwani kijiti chembamba hakimsaidii mtu ambaye miguu yake imechelewa.

Ukiwa na mwenzako, asimame mita 10 hadi 12 akurushie mpira wa tenisi kwa mkono, udunde na kupanda kiunoni. Anza na ulinzi. Kisha ucheze kwa mkono wa juu peke yake, ukiwa umeshika gongo dogo, ili mkono wa chini uache tabia ya kutawala. Baada ya hapo mwenzako achanganye mifupi na mirefu bila kukuambia, nawe utamke kwa sauti "nyuma" au "mbele" kabla mpira haujadunda. Zoezi hili lina faida kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu linaonyesha wazi kama umeamua kwa macho au kwa kubahatisha. Neno likitoka baada ya mdundo, halihesabiwi, hata kama pigo lilikuwa zuri. Kwa mazoezi ya mpira unaopanda haraka, lowesha mpira wa tenisi na utumie sakafu ngumu, lakini uvae helmeti.

Mashine ya kurusha mipira inasaidia?

Inasaidia kuzoeza pigo moja, kama vile kuvuta, kwa mipira mingi inayofanana. Haikufundishi kusoma urefu, kwa sababu haina mkono wa kuutazama, na baada ya mipira michache mpigaji hurudi nyuma kabla mpira haujatoka. Itumie kwa kazi yake, kisha umalizie kwa mrushaji wa kweli.

Watoto wafundishwe tofauti?

Mguu na kichwa ni vile vile. Kinachobadilika ni kimo: mpira unaofika kiunoni mwa mtu mzima humfikia mtoto begani, hivyo mtoto hukutana na mipira mingi ya mguu wa nyuma kuliko wakubwa wanavyodhani. Pichi ifupishwe, mpira uwe laini, na gongo liwe jepesi kiasi cha kuinuliwa kwa mkono wa juu peke yake. Gongo la kaka mkubwa huharibu pigo la kukata na la kuvuta kwa miaka, kwa sababu mtoto hulazimika kulinyanyua kwa mkono wa chini.

Nimezoea kukanyaga mbele kwa kila mpira. Nitaiachaje tabia hiyo?

Tabia hii hutokana na kufundishwa draivu ya mbele kwanza na kwa muda mrefu, kwenye mipira ya mazoezi ambayo karibu yote hudundia karibu. Kagua kwanza jinsi unavyosimama: kama uzito umeegemea mguu wa mbele kabla ya mpira kuachiwa, mguu huo umekwama, na utakachoweza kufanya ni kusonga mbele tu. Gawanya uzito sawa kwenye nyayo zote mbili, magoti yakiwa yamelegea. Kisha, kwa vipindi kadhaa vya mazoezi, omba mipira mifupi pekee, urudi nyuma kwa kila mmoja wao, hata ule ambao ungeuacha. Mguu ukishazoea njia ya kurudi, changanya tena, kwanza mrefu mmoja kwa kila mifupi mitatu, baadaye nusu kwa nusu. Tarajia kwamba katika kipindi hicho draivu yako ya mbele itazorota kidogo. Itarudi, na itarudi ikiwa imesubiri mpira zaidi kuliko awali.